Sukari Ikipanda Kidogo, Nani Anawajibika?

Katika vyumba vya kupimia afya nchini mwetu kuna sentensi moja fupi inayosemwa mara nyingi na kusahaulika upesi: "Sukari yako imepanda kidogo." Anayeambiwa hushusha pumzi, kwa kuwa hakuambiwa kwamba ana kisukari. Anayemwambia huongeza nasaha ya kawaida, punguza wanga, fanya mazoezi, kisha humwita anayefuata. Hapana tarehe ya kurudi, hapana daftari lililoandikwa jina lake, hapana mtu atakayemtafuta asipoonekana. Neno "kidogo" limeyafunga mazungumzo ambayo, kwa haki, ndiyo kwanza yalipaswa kuanza.

Hali inayotajwa kwa neno hilo ni ile inayotangulia kisukari cha aina ya pili. Wengi huiita hali ya kabla ya kisukari. Wengine husema sukari ya mpakani. Wanafunzi na watumishi wenzangu huniuliza juu yake, ingawa mimi si tabibu, na maswali yao hurudi kwenye mambo mawili. Je, mtu aliyefika mpakani anaweza kurudi? Na kama hawezi kurudi, anaweza angalau kuchelewa kuvuka? Jibu la sayansi kwa maswali yote mawili ni ndiyo, na limekuwa ndiyo kwa zaidi ya miaka 25. Ninachotaka kukijadili katika makala haya ni swali la tatu, ambalo ni la kisiasa: ikiwa jibu limejulikana kwa muda wote huo, kwa nini raia wetu bado anaachiwa nasaha ya nusu dakika na njia ya kurudi nyumbani?

Tuanze na mwili wenyewe. Chakula cha wanga, kiwe ugali, wali, chapati au ndizi, humeng'enywa kuwa glukosi inayoingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, na insulini huiwezesha misuli kuichukua sukari hiyo na kulizuia ini lisitoe nyingine. Mafuta yanapojikusanya tumboni na ndani ya ini, na misuli inapokaa bila kazi, viungo hivyo huanza kutoitikia insulini. Kongosho hulazimika kufanya kazi ya ziada ili kufidia. Fidia hiyo huweza kutosha kwa miaka mingi bila mtu kuhisi lolote. Kisha chembe zinazotengeneza insulini huelemewa, na sukari hupanda polepole. Kipindi hicho cha kuelemewa ndicho tunachokizungumzia. Kwa kawaida hakina kiu kali wala kukojoa mara kwa mara. Hayo huja baadaye, mpaka ukishavukwa. Ndiyo maana hakijulikani ila kwa kupimwa.

Sasa vipimo. Mtu ambaye hajala tangu usiku, akipimwa damu na kukutwa na milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, ana kisukari. Shirika la Afya Duniani huhesabu 6.1 hadi 6.9 kuwa eneo la kati. Chama cha Kisukari cha Marekani, tangu mwaka 2003, huanza kuhesabu kwenye 5.6. Kwa hiyo mwenye 5.8 ni mzima kwa kitabu kimoja na yuko hatarini kwa kitabu cha pili, na mwili wake haukubadilika kwa kufungua kitabu. Kipo kipimo kingine cha kunywa gramu 75 za glukosi na kusubiri saa mbili. Hapo eneo la kati ni 7.8 hadi 11.0. Kipo pia kile ambacho watu hukiita kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ambacho Wamarekani huhesabu asilimia 5.7 hadi 6.4 kuwa ya mpakani. Kipimo hiki hutegemea hali ya chembe nyekundu za damu, na mtu mwenye selimundu au upungufu wa damu anaweza kupewa jibu lisilo sahihi. Katika nchi kama yetu, ambako hali hizo mbili ni za kawaida, anayeagiza kipimo hicho bila kuuliza habari za damu ya mgonjwa anaweza kumtia hofu asiyestahili hofu, au kumtuliza asiyestahili kutulizwa.

Nimeyaeleza haya kwa sababu moja. Mpaka huu umechorwa na binadamu juu ya mteremko. Hatari huongezeka taratibu kadiri sukari inavyopanda. Haingoji namba fulani ifike ndipo ianze. Makadirio yanayotumika sana husema kwamba kati ya watu 100 walio katika eneo la kati, 5 hadi 10 huingia katika kisukari kila mwaka, na idadi inayokaribia hiyo hurudi katika sukari ya kawaida. Kuambiwa kwamba sukari imepanda kidogo si hukumu. Ni taarifa kwamba mambo bado yanaweza kwenda upande wowote.

Ushahidi wa kwamba yanaweza kuelekezwa ulianza kupatikana katika mji wa mafuta wa Da Qing, kaskazini-mashariki mwa China. Mwaka 1986, China ikiwa bado nchi maskini, zaidi ya watu 110,000 walipimwa mjini hapo, na watu 577 waliokuwa katika eneo la kati wakafuatiliwa kupitia kliniki 33. Kura haikupigwa kwa mtu mmoja mmoja bali kwa kliniki: nyingine zilitoa huduma ya kawaida, nyingine zilisimamia mlo, nyingine mazoezi, nyingine vyote viwili. Baada ya miaka sita, asilimia 67.7 ya watu wa huduma ya kawaida walikuwa na kisukari. Katika makundi mengine matatu ilikuwa kati ya asilimia 41 na 46.

Kisha zikaja Ufini na Marekani. Utafiti wa Ufini, uliotolewa mwaka 2001 na kuhusisha watu 522, ulionesha kwamba kubadili mlo na kuongeza mwendo kulipunguza hatari ya kuingia katika kisukari kwa asilimia 58. Mwaka uliofuata Wamarekani walitoa matokeo ya watu 3,234, nao wakapata asilimia 58 ile ile. Lengo lao halikuwa la mwanariadha: kupunguza asilimia 7 ya uzito, yaani kilo zisizofika sita kwa mtu wa kilo 80, na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Kundi lililopewa metformini, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu, lilipata punguzo la asilimia 31. Dawa ilisaidia, lakini miguu na sahani vilisaidia zaidi.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya matajiri na aitazame India. Mwaka 2006 watafiti wa Chennai walitoa matokeo ya watu 531. Ushauri wa mlo na mwendo ulipunguza hatari kwa asilimia 28.5, metformini kwa asilimia 26.4, na kuvichanganya hakukuongeza faida. Jambo la kuzingatia ni kwamba uzito wa washiriki haukupungua kwa maana yoyote, na bado hatari ilishuka. Kwa watu wetu wengi wanaopata kisukari bila kuwa wanene, somo hilo ni muhimu. Mwaka 2013 watafiti hao hao walionesha kwamba hata ujumbe mfupi wa simu, ukitumwa mara kwa mara kwa wanaume 537 katika kipindi cha miaka miwili, ulipunguza hatari kwa kiasi cha theluthi moja. Simu za namna hiyo zimo katika mifuko ya Watanzania wengi leo.

Tusitie chumvi, hata hivyo. Washiriki wa Da Qing walifuatiliwa kwa miaka 30, na matokeo yakatolewa mwaka 2019. Wengi wao, hata waliosaidiwa, hatimaye walipata kisukari. Lakini kwa waliosaidiwa kilichelewa kwa takriban miaka minne, na maradhi ya moyo na kiharusi yakapungua kwa asilimia 26. Waliishi pia muda mrefu zaidi, kwa wastani wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kwa upande wa Marekani, walioweza kuirudisha sukari yao katika hali ya kawaida hata mara moja tu wakati wa utafiti walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 56 katika miaka iliyofuata, wakilinganishwa na wasiowahi kuirudisha. Basi jibu la haki ni hili: wengine hurudi kabisa, wengine huchelewa, na kuchelewa nako ni ushindi. Mtumishi mwenye miaka 53 ambaye kisukari chake kinaahirishwa kwa miaka minne anayaweka macho yake, figo zake na miguu yake mbali na madhara kwa miaka minne zaidi, wakati ambao huenda ana watoto wawili chuoni na kustaafu kunamngoja akifika 60.

Hapa ndipo nawaomba wasomaji tusome kwa makini, kwa sababu tafiti hizi hunukuliwa visivyo. Husemwa kwamba zilithibitisha kuwa mtu akijitunza atapona. Sivyo zilivyothibitisha. Kule Ufini kila mshiriki wa kundi la mafanikio alikutana na mtaalamu wa lishe mara saba katika mwaka wa kwanza, kisha kila baada ya miezi mitatu. Kule Marekani kila mmoja alipewa mshauri wake na vipindi 16 vya mafunzo katika miezi sita ya mwanzo. Kule Da Qing vikundi vidogo vilikutana kila wiki kwa mwezi mmoja, kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha kila robo mwaka. Na watu wa makundi ya ulinganisho, wale walioshindwa kwa wingi, walipewa nini? Kwa sehemu kubwa walipewa maelezo ya jumla juu ya mlo na mazoezi. Kwa maneno mengine, walipewa kile tunachowapa watu wetu. Tafiti hizi hazikulinganisha mtu mwenye nidhamu na mtu mvivu. Zililinganisha mtu mwenye taasisi nyuma yake na mtu aliyeachiwa nasaha.

Ukilielewa hilo, msamiati wetu wa kawaida huanza kukera. Tunayaita maradhi haya "magonjwa ya mtindo wa maisha", kana kwamba mtu alichagua mtindo dukani. Karani anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, akakaa kitini saa tisa, akarudi usiku kupitia barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu wala taa, amechagua mtindo gani? Hutembelea wapi dakika zake 150? Kikao cha kazi kinapoanza kwa soda na maandazi mawili, na karani huyo hana kingine mezani cha kuchagua, nani ameamua mlo wake? Soda yenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100 humpa anywaye chupa ya mililita 350 gramu 35. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba sukari ya kuongezwa ingefaa ibaki chini ya takriban gramu 25 kwa siku nzima. Kikao hicho kimoja, kilicholipiwa kwa fedha za umma, kimekwisha kuvuka kiwango hicho kabla ya ajenda ya kwanza kufunguliwa.

Nimewahi kuhudhuria siku ya afya katika taasisi moja ya umma, ambayo sina haja ya kuitaja. Mahema yalikuwa mazuri, hotuba zilikuwa ndefu, na watu walipimwa sukari wakiwa wamekunywa chai. Kila mmoja alipewa kijikaratasi chenye namba. Nilipouliza orodha ya waliokutwa na sukari ya juu inabaki wapi, niliambiwa kwamba hakuna orodha. Majibu ni ya mtu binafsi. Siri ya mgonjwa ni jambo takatifu, wala siipingi. Lakini siri haikatazi kumpangia mtu tarehe ya kurudi kupimwa ipasavyo. Kilichotajwa kuwa faragha kilikuwa, kwa hakika, kutokuwapo kwa mpango wa kesho.

Historia yetu wenyewe inaonesha ukubwa wa deni hili. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, ambao watu wapatao 6,000 walipimwa. Wenye kisukari hawakufika asilimia moja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 wa mijini na vijijini, ulikuta takriban asilimia 9. Vipimo na umri wa waliopimwa vilitofautiana, kwa hiyo namba hizi mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Lakini mwelekeo hauhitaji miwani. Jambo ambalo hunukuliwa mara chache ni kwamba katika vijiji vile vya 1989, watu karibu wanane katika kila mia walikuwa tayari katika eneo la kati. Onyo lilikuwapo, lilichapishwa, na lilitoka kwetu.

Zipo hoja za kupinga zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza husema kwamba nchi yenye malaria, vifo vya uzazi na uhaba wa wauguzi haiwezi kuhangaika na watu ambao bado si wagonjwa. Lakini watu hao hawabaki pale pale. Wanaovuka huja kwetu wakiwa na vidonda vya miguu, figo zilizochoka na macho yaliyofifia, nasi hulazimika kulipia tiba iliyo ghali kuliko ushauri wa kikundi. Zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajui kwamba wanacho, kwa hiyo wengi hufika wakiwa wamechelewa mno.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami naiheshimu. Wapo madaktari makini duniani wanaouliza kama ni busara kuwabandika mamilioni ya watu wazima jina la ugonjwa ambao huenda wengi wao hawataupata. Hofu hiyo ni ya kweli, hasa pale ambapo jina jipya huwa soko jipya. Tumeyaona matangazo ya unga na majani yanayodaiwa kuimaliza sukari kwa siku kadhaa. Lakini tahadhari dhidi ya kubandika majina haituelekezi kunyamaza. Inatuelekeza kuwapima kwanza walio katika hatari kubwa: wenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, wenye kitambi, wenye shinikizo la damu, na kina mama waliopata kisukari wakati wa ujauzito, ambao hatari yao hubaki kubwa baada ya kujifungua na ambao kliniki zetu zilikwisha kuwa nao mikononi. Inatuelekeza pia kuutengeneza mtaa na ofisi, kwa sababu njia ya waenda kwa miguu humfaa mwenye 5.2 na mwenye 6.5, bila kumbandika yeyote jina.

Hoja ya tatu ni kwamba hatuna uwezo wa kuwafuatilia watu wazima kwa miaka mingi. Hii siikubali kabisa. Kliniki za tiba na matunzo ya Virusi vya Ukimwi zimetufundisha kutunza daftari, kupanga tarehe, kumtafuta aliyekosa kuja, na kuwatumia wenzao waliotangulia kuwatia moyo wapya. Vikundi vya kuweka na kukopa hukutana kila wiki katika vijiji na mitaa yetu bila posho ya mtu. Mwaka 2019 Serikali ilizindua mpango wa taifa wa kukabiliana na magonjwa yasiyoambukiza, na mwaka 2024 ikazindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni agizo kwamba aliyeambiwa "kidogo" naye ni mtu wa kufuatiliwa.

Mwaka 2016 tulitangaziwa kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi ni siku ya mazoezi. Sidharau ishara. Ila mwili hufanya hesabu kwa wiki, na Jumamosi moja katika mwezi haiwezi kubeba dakika 600.

Basi tudai nini? Kwanza, kila kituo cha afya kinachopima sukari kiwe na daftari la walio katika eneo la kati, na kila mmoja wao apewe tarehe ya kupimwa tena ndani ya mwaka. Pili, utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 utambue ushauri wa kikundi kuwa huduma inayolipiwa, kama inavyolipiwa dawa. Bima inayongoja mguu uoze ndipo ilipe ni bima ya hasara. Tatu, ofisi za umma ziache kununua soda kwa fedha za umma. Maji, karanga na matunda ya msimu havihitaji kamati. Nne, sehemu ya ushuru wa vinywaji vyenye sukari itengwe kwa kinga na itangazwe hadharani. Tano, halmashauri isipitishe barabara ya mjini isiyo na njia ya miguu.

Kwa msomaji ambaye mwenyewe ameambiwa neno hilo, nina ombi dogo. Rudi upimwe ukiwa hujala, umwulize daktari namba yako ni ipi na utarudi lini, na usijianzishie dawa kwa kusikia. Punguza sukari ya chai na vinywaji kwanza, ongeza mboga na maharage sahanini, tembea nusu saa siku tano za wiki, na utafute mwenzako wa kutembea naye, kwa maana tafiti zote nilizozitaja zinaonesha kwamba anayesindikizwa hufika mbali.

Lakini wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma wasiishie hapo. Mwanafunzi wa uchumi na akokotoe gharama ya kikundi kimoja cha ushauri katika wilaya yake, ailinganishe na gharama ya kusafisha figo za mtu mmoja kwa mwaka. Mwanaharakati na aulize katika mkutano wa kata daftari liko wapi. Mtumishi anayeandaa kikao cha wiki ijayo anayo kalamu mkononi. Orodha ya viburudisho ni waraka wa sera, hata kama hausainiwi na waziri.